Mwaka Tuliokwenda Lisboni Bila Kutoka Sib

Enzi zetu, mtu akirudi safari alikuwa anaaminiwa kwa mdomo wake. Hapakuwa na simu ya kumfuata kila pembe, wala hakuna aliyepiga picha sahani ya chakula kabla hajakila. Unaondoka, unapotea mwezi mzima, unarudi umenenepa kidogo, halafu watu wanakuja kwenu, wanavua viatu, wanakaa kwenye mito na kukusikiliza. Ulichosema ndicho kilichokuwa. Vijana wa leo nikiwahadithia hivi wananitazama kwa huruma, ati jamani mliishije nyinyi. Tuliishi vizuri sana, na tulidanganya vizuri zaidi.

Nimekulia Sib, kwenye zile nyumba za serikali karibu na uwanja wa ndege, nyumba zilizofanana mpaka mgeni anaingia kwa jirani, anakaribishwa, anakula, ndipo anapouliza mbona hamwoni anayemjua. Ilikuwa miaka ya tisini. Ndani mlikuwa na Baba, Mama, mimi Thureya na wadogo zangu wawili, na Bibi mzaa mama, aliyekuja kutoka Unguja na kanga zake na ulimi wake, na hakuna hata kimoja alichokipunguza. Nyumbani tulisema Kiswahili, skuli Kiarabu, na tukigombana tulichanganya vyote ili matusi yatoshe. Asubuhi tulikula maandazi ya iliki, jioni paratha iliyokunjwa na jibini, ndani yake chipsi za pilipili zilizovunjwavunjwa. Tulicheza rede uwanjani mpaka jua lizame, na miguu ikirudi nyumbani haina rangi ya binadamu. Watoto wa leo wakichezea mchanga dakika tano mama zao wanawapaka dawa.

Lakini kiangazi hakuna aliyecheza. Kiangazi cha Maskati aliyekionja hahitaji kuelezwa. Bomba la baridi lilitoa maji ya kuchemshia mayai, kwa hivyo tulikuwa tunazima hita na kuoga kwa bomba la moto, maana maji yaliyolala ndani ya hita ndiyo yaliyokuwa na ubaridi. Wenye nafasi zao walikimbia. Kinara wao alikuwa Shangazi Zuwena, dada mkubwa wa Baba, aliyeolewa na mfanyabiashara, Ami Khalfan, na kukaa kwenye jumba la Mawaleh lenye ngazi mbili, moja ya kupandia na moja ya kuonekana. Shangazi alikwenda London kila mwaka. Akirudi alituletea makoti. Makoti ya sufi, jamani, sisi watoto wa Sib! Mama aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akayakunja, akayaweka juu ya kabati na mengine ya miaka iliyopita.

Halafu Mama alikuwa anakwenda kumuamkia. Kwetu ndiyo ada: mtu akirudi safari humwachi, unakwenda kumwambia alhamdulillahi ala salama, unakunywa kahawa, unasikiliza, unapewa zawadi yako. Miaka kumi na moja Mama alikaa kwenye zulia la wifi yake kusikiliza London. Aliijua London kuliko madereva wake. Na kila mara Shangazi alimalizia kwa kumpapasa goti na kusema, "Na wewe Salma, inshallah iko siku." Mama alikuwa anarudi nyumbani anakuna nazi kwa hasira mpaka tunaogopea mbuzi.

Sasa mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na moja. Skuli zimefunguliwa, na Abla, yaani mwalimu wetu, Mmisri asiyehitaji maikrofoni, akatupa insha ile ile ya kila mwaka: nilivyotumia likizo yangu. Nikaitazama karatasi. Likizo yangu ilikuwa hivi: nilikaa ndani, nikatoka, kuna joto, nikarudi ndani. Kiyoyozi chenyewe kilikufa katikati ya Julai, na tukahamia chumba cha Bibi, watu sita na feni moja. Wenzangu wanaandika kurasa tatu. Nilitamani kulia.

Nikarudi nyumbani na insha yangu haijaanza, nikachukua ensaiklopidia ya Baba. Msidhani tulikuwa na maktaba. Baba aliinunua kwenye soko la Sib kwa mtu anayeuza vitu vikuukuu, juzuu moja tu ya Kiarabu, herufi ya lam. Elimu yote ya nyumba yetu ilianza na lam na kuishia na lam. Tulikuwa mabingwa wa lulu, limau na lozi. Nikatafuta miji mikuu ya Ulaya. London ilikuwamo, lakini nusu ya darasa wametoka huko juzi, wangenishika. Luksemburgi ilikuwamo, lakini hata kuitamka ilinishinda. Na ilikuwamo Lishbuna, kurasa nne pamoja na picha. Basi nikaenda Lisboni.

Niliandika kwamba tumefika kwenye mji uliokaa juu ya vilima saba, kando ya mto Tejo pale unapokaribia bahari, mji ambao wenyewe wanasema ni mkongwe kuliko Roma. Niliandika kwamba tumekaa mtaa wa Alfama, wenye vichochoro na jina la Kiarabu, kwa sababu Waislamu waliushika mji ule karne nne kabla hawajatolewa. Nikaongeza kwamba Baba alipopanda kwenye ngome ya juu ya kilima alisali rakaa mbili, akawaombea dua waliopita. Rakaa mbili hazikuwamo kitabuni. Zilinitoka zenyewe, na ndizo zilizoniponza, kwa sababu Abla alipofika hapo alivua miwani akajifuta macho. Kesho yake nikasomeshwa insha mbele ya skuli nzima kwenye foleni ya asubuhi. Na kwenye foleni ile alikuwamo Asma, binti wa Shangazi Zuwena, darasa moja mbele yangu.

Alasiri ile ile mlango ukagongwa. Nikafungua, nikamkuta Shangazi kajaa mlangoni na udi wake, na nyuma yake wanawake wawili aliokuja nao kutoka Mawaleh, na Bi Nasra, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyewaona wanashuka garini akaona asipitwe.

"Alhamdulillahi ala salama!" Shangazi akamwambia Mama. "Kumbe mmekwenda Ureno kimya kimya? Asma kaniambia, nikamwambia wacha uwongo wewe, Salma aende Ulaya? Salma huyu?"

Nilimwona Mama anafungua mdomo kukataa. Wallahi nilimwona. Halafu lile "Salma huyu" likamfikia, akaufunga mdomo. Akatengeneza mtandio wake, akanitazama mara moja kwa jicho ambalo nilijua litanigharimu, akasema, "Ah, tumekwenda mara moja tu wifi. Si unajua, Baba Thureya yuko uwanja wa ndege, tiketi za wafanyakazi. Sikutaka kutangaza."

Bibi alikuwa pembeni na tasbihi yake, hana habari ya insha wala Ureno. Akamtazama binti yake, akawatazama wageni, akatingisha kichwa. "Mie nnaumwa na magoti mpaka leo," akasema. "Vilima vile!"

Mpaka leo sijui vilima alivijuaje. Nadhani alibahatisha.

Tukawa tumejifunga. Kwetu mambo mengi husameheka, lakini mwanamke kumdanganya wifi yake safari ya Ulaya, halafu ikajulikana, ingebidi tuhame Sib. Mama angekuwa kichekesho cha harusi zote za mwaka ule na za mwaka unaofuata. Na mtihani wa kwanza ulikuja hapo hapo, kwa sababu Shangazi alianza kutupa macho chumbani kutafuta zawadi. Msafiri kwetu harudi mikono mitupu, hata kama kaenda kutibiwa. Mama akamwambia mizigo imepotelea njiani. Na Baba kazi yake uwanjani ilikuwa nini? Kushughulikia mizigo iliyopotea! Wageni wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Mama akacheka nao, jasho linamtiririka mgongoni.

Walipoondoka nilitegemea kipigo. Mama hakunipiga. Alinipa ile juzuu ya lam akasema, "Umetupeleka huko, sasa utatutembeza." Kila baada ya magharibi, kwa wiki nzima, nilisimama mbele ya familia yangu na kuwasomesha Lisboni kama mwongoza watalii, na aliyekosea alirudia.

Baba alikataa katakata kusema uwongo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache hakutaka kuyatumia vibaya. Wakakubaliana na Mama kwamba akiulizwa na dada yake lolote, atajibu alhamdulillahi. Habari za Lisboni? Alhamdulillahi. Mlikaa hoteli gani? Alhamdulillahi. Nilipofika kwenye habari ya ngome, Baba alifungua mdomo mara moja tu. Akatukumbusha zile ngome mbili zinazotazama bandari kule Maskati kongwe, zilizokuwa za Wareno kabla wazee wetu hawajawatoa. "Walizijenga vizuri," akasema, "tukazichukua." Akarudi kwenye gazeti lake.

Bibi ndiye aliyesumbua. Kwake Wareno hawakuwa historia, walikuwa majirani waliomkosea. Nilipomwonyesha picha ya mnara wa Belém, ule uliosimama majini kama keki, akauliza wa nini. Nikamwambia hapo ndipo meli zao zilipokuwa zikiondokea. "Zije wapi?" Zije kwetu, Bibi. Basi akaugeuza ukurasa. Ukurasa wa pili ukawa mbaya zaidi, kwa sababu ni ile nyumba kubwa ya watawa, mawe yamechongwa kama lesi, na ndani amelazwa yule nahodha wao wa kwanza kuzunguka Afrika na kufika mwambao wetu. "Na kazikwa vizuri hivyo?" Bibi akasema. "Ebo! Njia yenyewe ya Bara Hindi kaonyeshwa na mtu, hakuijua!" Ikabidi nimpe maji.

Lakini kuna siku alinyamaza. Nilimsomea habari ya tetemeko: asubuhi ya sikukuu yao, watu wamejaa makanisani na mishumaa imewashwa, ardhi ikatikisika, waliokimbilia ufukweni bahari ikawafuata, na kilichobaki kikaliwa na moto. Mji wa chini wote ukajengwa upya, mitaa iliyonyooka kwa rula. Bibi aliiweka tasbihi chini. "Masikini," akasema, "na watoto wao." Siku hiyo hatukuendelea na somo.

Kesho yake alirudi na ulimi wake. Nikamweleza fado, zile nyimbo zao za huzuni, mwanamke kajitanda shali jeusi anamlilia aliyekwenda baharini. "Hiyo si taarab tu," akasema, "ila hawatuzi." Nikamweleza samaki wao mkavu wa chumvi ambaye wanajisifu kumpika kwa namna tofauti kila siku ya mwaka. Akasema papa mkavu tunaye kabatini, sasa tumekwenda Ulaya kufuata nini? Nikamweleza tramu za njano zinazopanda vilima kwa kujikongoja, na lifti ya chuma iliyosimama katikati ya mtaa, inayompandisha mtu kutoka barabara ya chini mpaka ya juu. Hiyo aliipenda. Alisema hao sasa ndio watu wenye huruma na magoti.

Mizigo ikabidi ipatikane, basi zawadi tulizifuata Matrah, kwenye vichochoro vya soko nyuma ya bandari. Mama alinunua visahani vya buluu na vyeupe kwa Mhindi mmoja, kwa sababu kitabu kilisema kuta za Lisboni zimevaa vigae vya rangi hizo. Kila kisahani kilikuwa na kibandiko chini kinachosema kimetoka China. Tulikaa usiku na mchana, sisi watoto, tunavibandua kwa mafuta ya nazi na kucha. Halafu Mama akaoka vile vikate vya mayai na maziwa ambavyo Wareno huvichoma mpaka vinaungua juu. Vyetu viliungua juu, chini na pembeni, lakini kitabu kilitutetea.

Wageni wakaja tena, wakala, wakasikiliza, wakachukua visahani vyao. Mama alikuwa moto siku ile. Alipanda tramu, alishuka kwa lifti, aliteleza Alfama akashikwa mkono na bibi kizee. Mara moja tu aliteleza kweli, maana juzuu yetu ilikuwa ya zamani kiasi kwamba ndani yake Msumbiji bado ni koloni, na Mama akalitamka hilo waziwazi. Bi Nasra akakohoa, akaomba aongezewe kahawa, na mazungumzo yakahama.

Shangazi Zuwena hakupapasa goti la mtu siku hiyo. Aliondoka na kisahani chake akitafuna midomo.

Mwaka mzima Mama alitembea Sib kama mtu aliyefika Lisboni. Kisha kiangazi kikarudi, na Shangazi akaja na habari. London basi, London wamejaa watu wa Sib. Mwaka huu yeye na Ami Khalfan wanakwenda Lisboni, wiki tatu, na Salma amwandikie kila kitu, tulipokaa, tulipokula, na jina la yule bibi kizee wa Alfama akampelekee salamu.

Mama alikonda. Sisemi kwa kutia chumvi, alikonda, gauni zake zilikuwa zinamsubiri afike. Aliandika ile orodha mara nne akaichana mara nne. Shangazi akifika kule ataulizia hoteli ambayo haipo, atarudi, atakaa kwenye zulia lake mbele ya watu thelathini, na atatumaliza. Mwishowe Mama alimpa karatasi yenye mnara, ngome, tramu na lifti tu, akamwambia bibi kizee kahama. Shangazi aliaga nyumba kwa nyumba, akaondoka. Mama akaanza kuhesabu siku.

Wiki ya pili Baba alirudi kutoka kazini mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea, akasema tujitayarishe, anatupeleka Yiti kuvua samaki. Yiti! Agosti! Enzi hizo njia ya Yiti ilikuwa ya mawe, inapita katikati ya milima inayorudisha joto kama tanuri, na mwenye akili haendi kabla ya Novemba. Mama akamuuliza kama kaugua. Baba akasema alhamdulillahi.

Tulifika kijijini karibu na alasiri. Baba hakwenda ufukweni. Aliliendesha gari moja kwa moja mpaka kwenye kijumba cha mwisho, kile ambacho Ami Khalfan alikuwa nacho cha kupumzikia, akazima injini. Uani kulikuwa na mwanamke kajifunga kanga kifuani, anaanika nguo. Akageuka. Alikuwa Shangazi Zuwena.

Asma alitoka mlangoni, akatuona, akarudi ndani mbio. Baba akashuka, akachukua mshipi wake wa kuvulia na wadogo zangu wawili. "Sisi tunakwenda kuvua," akasema, akatuacha mimi, Mama na Bibi.

"Haya Salma," Shangazi akasema. Kibanio cha nguo bado kiko mkononi. "Sema unachotaka kusema. Cheka. Khalfan kaenda na mwenziwe. Kaoa mtoto wa juzi, kampeleka yeye, kwa tiketi iliyokuwa yangu. Na mimi nishaaga mji mzima." Halafu akaanza kulia.

Sikuwa nimepata kumwona Shangazi akilia, na sikujua niangalie wapi. Nikamwangalia Mama. Miaka kumi na moja ya London ilikuwa mkononi mwake, na makoti yote yale, na kila "inshallah iko siku". Angeweza kumwambia pole tu, kwa upole ule wa kupapasa goti, na angekuwa kamlipa yote. Mimi mwenyewe, niseme kweli, nilitamani amlipe.

Mama akakichukua kile kibanio mkononi mwake. "Zuwena," akasema, "mimi Lisboni sijapata kuiona hata kwa ndoto."

"Unasema?"

"Tulikuwa ndani, Sib. Kiyoyozi kimekufa. Watu sita na feni moja. Huyu mtoto kaandika insha, na wewe ukaja ukasema 'Salma huyu', na mimi ulimi ukaniteleza."

Shangazi alimkodolea macho. Akamgeukia Bibi. "Na wewe bibi, vile vilima?"

"Mwanangu, mie hata Matrah nnapelekwa kwa kubembelezwa," Bibi akasema.

Shangazi akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga wa uani, kanga imelegea, analia na kucheka pamoja, na Mama akakaa naye pale pale. Siku zote alimwita wifi. Kuanzia siku ile alimwita dada.

Tulikaa Yiti siku tano. Baba alivua, tulikula changu wa kuchoma, na mimi nilifungua tena skuli yangu. Maana shida ya Shangazi bado ilikuwapo: siku kumi zijazo atarudi Mawaleh, na watu watakuja kumuamkia kwa safari aliyoiaga. Akisema hakwenda, ataulizwa kwa nini. Basi tukamsomesha. Alikuwa mwanafunzi mbishi, kila kitu anakilinganisha na London, lakini siku ya tano alikuwa anashuka Alfama macho kafumba. Niliwahi kumuuliza Baba, nilipokuwa mkubwa, alijuaje. Akaniambia alimwona Ami Khalfan uwanjani akiondoka na yule bi harusi, akakaa siku nane hajui amwambie nani, ingawa alijua dada yake hana pa kujificha ila Yiti.

Siku ya kumuamkia Shangazi, sebule ya Mawaleh ilijaa kuliko nilivyowahi kuiona. Walikuja hata ambao hawakuwa na desturi ya kuja, hata waliogombana naye. Mama alikaa ubavuni kwake, akikwama anamfinya. Wanawake wakauliza, wakauliza tena. Mto ukoje? Tramu haitishi? Hizo nyimbo wanaimba wamekaa au wamesimama? Na hakuna hata mmoja aliyeuliza Ami Khalfan yuko wapi. Shangazi alizungumza kwa saa mbili, na kadiri alivyozungumza uso wake ulirudi, na mwisho alikuwa anawaonyesha kwa mikono jinsi lifti ya chuma inavyopanda. Nilijisifu moyoni. Nilidhani ni ualimu wangu.

Nimefika Lisboni kweli, miaka ya elfu mbili, kwa kazi, siku nne. Ni mji mzuri. Vilima vipo, magoti yangu ni shahidi, na vile vikate vyao haviungui chini. Nilirudi na kamera ya dijitali yenye picha mia nne. Walikuja watu wanne kuniamkia. Kamera ikazunguka sebule ya Mama kwa dakika tano, kila mtu akasema mashallah, wakarudi kwenye simu zao. Hakuna aliyeuliza hata mto unaitwaje.

Bi Nasra peke yake alibaki, mzee sasa, kaja na fimbo yake. Nikampa kamera akairudisha. "Sitaki picha, nihadithie," akasema. "Mamako alihadithia vizuri mwaka ule, na ukuta wetu mmoja, kiangazi kizima nnamsikia akikupigia makelele."

Nikaiweka kamera chini. "Bi Nasra, ulijua?"

"Nani asiyejua?"

"Na Shangazi je?"

"Khalfan kapita uwanja wa ndege mchana na mke mpya mkononi. Sib nzima ilikuwa nayo kabla ya magharibi, ila kwenu tu hakuna aliyethubutu kuileta."

"Sasa mlikwenda kumuuliza habari za Lisboni za nini?"

Bi Nasra alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Tungemuuliza habari gani nyingine?" akasema.

Siku hizi Khalfan angekuwa kwenye simu za watu kabla hajafunga mkanda wa ndege, na mkewe angesoma maoni ya watu asiowajua, na vichekesho vyao. Wangekuja wanne kumwona, wawili kati yao kuja kumpiga picha. Shangazi Zuwena ametangulia, Mungu amrehemu, na Mama hapendi nikiyasema haya, anasema watoto wa sasa watatuona waongo. Na watuone. Mimi nnachoomba ni kwamba, siku aibu ikinifika, wanawake thelathini waje wavue viatu mlangoni kwangu, wakae, wapokee kahawa, wanijue vizuri nilivyo, na waniulize habari za mji ambao sikufika.